Nilisema Nimekuja Kutembea

Leo naomba niwape stori ya mwenzenu mimi.

Mwezi wa 11 mwaka jana nilipanda basi kutoka Dar kurudi nyumbani Iyula, huku Mbozi. Nilipoondoka baada ya kidato cha nne tulikuwa tunaandika Mkoa wa Mbeya. Tangu 2016 tunaandika Songwe. Nikajiambia, kama mkoa mzima umebadilika, mimi ni nani?

Ila kila aliyeniuliza nilimjibu, "Nimekuja kutembea tu." Mama nikamwambia niko likizo. Ukweli ni kwamba kazi iliisha tangu mwezi wa 8, na yule kaka mliyemzoea kwenye stetasi zangu alishaacha kupokea simu.

Basi kwa kuwa nilisema nimekuja kutembea, nikatembea kweli. Kila asubuhi navaa raba, napanda vilima. Wenzetu wa Afrika Kusini miezi hii wanaiita majira ya machipuko. Sisi tunasema tu mvua zimeanza. Huku hakuna vuli na masika kama Dar, msimu wa mvua ni mmoja, Novemba mpaka Aprili hivi. Majani yanachipua, watu wako shambani wanapanda mahindi, hewa safi. Lakini usiiamini! Unatoka na jua la kukaanga mayai, saa nane huoni hata mti ulio mbele yako kwa ukungu.

Jumamosi moja mvua ikanikuta mbali. Nikakimbilia barazani kwa mzee mmoja mwenye shamba la kahawa. Shikamoo, marahaba, akanisogezea kigoda. Mibuni yake ilikuwa imechanua nyeupe pee, inanukia kama asumini.

Nikamwambia, "Mzee, mvua imewapendelea."

Akacheka. "Mvua peke yake haichanui kahawa, binti. Lazima ikae na kiu kwanza. Ikinyeshewa mwaka mzima, maua yanatoka hovyo hovyo. Na haya unayoyaona, siku chache yamekwisha. Kuvuna ni mwakani."

Halafu akaniuliza, "Na wewe, umekuja kutembea au kukaa?"

Nikafungua mdomo, jibu sina. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa kelele, nikajifanya sijasikia.

Nilirudi nyumbani nimelowa chapachapa, tope mpaka magotini, nawaza ile kiu. Miezi mitatu nilikuwa naiona kama aibu ya kufichwa. Sisemi kila anayefukuzwa kazi atachanua, jamani, kuna mibuni inakauka kabisa. Ila hata mbuni hauwezi kusema uko likizo wakati una kiu.

Mama alikuwa jikoni, anachochea moto. Nikakaa, nikasema kabla sijaghairi, "Mama, sijaja kutembea. Kazi iliisha. Nimekuja kukaa kwanza."

Hata hakugeuka. "Nilijua, mwanangu. Tangu siku ile uliposhusha begi. Mtu wa likizo hasafiri na sufuria zake."

Tukacheka mpaka machozi yakatoka, mengine hayakuwa ya kicheko.

Kesho yake alinigongea saa kumi na mbili, kanishikia jembe. "Kama unakaa, twende shamba." Nikavaa raba zilezile. Jua lilikuwa linawaka vizuri tu, na mwavuli nikabeba.