Kuteremka Kichwamba Kwenda Bwera

Basi likishapita Rubirizi, dereva hupunguza mwendo bila kuambiwa. Barabara inateremka ukingo wa Kichwamba na bonde lote linafunguka mbele: mbuga ya Queen Elizabeth, Mfereji wa Kazinga unaounganisha Ziwa Edward na Ziwa George, na ng'ambo kabisa wingu zito. Abiria wa pembeni yangu aliniambia nisidanganyike, ndani ya wingu lile mna Rwenzori. Mlima wa mita 5,109, na siku hiyo haukuonyesha hata ukucha.

Mimi ni wa Nairobi, Bonde la Ufa nimelizoea tangu utoto, lakini la huku lina tabia yake. Kwetu mlima mrefu ni zao la volkano. Rwenzori si volkano. Ni pande la mwamba wa kale lililoinuka kati ya mipasuko ya ardhi huku pembeni kukididimia. Moto wa chini ulitoboa jirani tu, kati ya Katwe na Kikorongo, ambako mashimo ya milipuko yamepangana na mojawapo limejaa maji ya chumvi ambayo watu wanaivuna hadi leo.

Kilichonipeleka ni udadisi wa miaka mingi. Julai 2007 majengo ya Nairobi yalitikisika mara kadhaa, nasi wa ghorofani tukashuka ngazi mbio. Chanzo kilikuwa Gelai, karibu na Ziwa Natron, Tanzania. Mwaka uliofuata Eric Calais na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba pale mpasuko ulikuwa umeteleza polepole kwa siku kadhaa, bila kishindo kinacholingana na msogeo wake, kisha magma ikajipenyeza. Mitelezo ya namna hiyo ilikuwa ikijulikana zaidi kule ambako bamba la bahari linazama chini ya bara. Kwenye kisiwa cha Vancouver, Kanada, hujirudia kila baada ya miezi 14 hivi, ikiandamana na mtetemo hafifu mrefu kama ule ambao Kazushige Obara aliuripoti Japani mwaka 2002. Huku Afrika Mashariki bara halizami, linapasuka. Kumbe hata kupasuka kunaweza kwenda kimyakimya, na zile ngazi za Nairobi zilituonyesha sehemu ndogo tu ya kazi.

Kikorongo tukakata kushoto. Bwera ni mji wa mpakani. Soko la Mpondwe liko chini kidogo, mto Lhubiriha unapita, na ng'ambo ni Kasindi, Kongo. Tulifika siku ya soko. Madumu ya mawese, magunia ya kahawa, samaki wakavu wa Ziwa Edward, na Kiswahili cha Beni kikivuka mpaka bila pasipoti. Nilimsalimia mama aliyekuwa anapanga samaki wake kwa ukubwa, nikamwuliza habari za matetemeko.

"Ya kutingisha? Hiyo si habari, mwana wangu. Inakuja usiku, inapita, tunalala. Wewe uliza wazee ile ya sitini na sita."

Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko lilibomoa nyumba upande wa Bwamba na kuua watu zaidi ya 150. Hilo linakumbukwa. Mengine ni mengi mno kuweza kukumbukwa: mwaka 2006 na 2007 wataalamu kutoka Chuo Kikuu cha Frankfurt walitandaza mitambo kuuzunguka mlima, wakarekodi kwa wastani matetemeko zaidi ya 800 kila mwezi, mengi madogo kiasi kwamba hakuna aliyeyahisi. Mwaka 2011 Michael Lindenfeld na Georg Rümpker walitangaza kwamba machache yalitokea kilomita 53 hadi 60 chini, ndani ya tabaka lililo chini ya ganda la dunia, mahali ambapo joto lingetarajiwa kuulainisha mwamba usiweze kukatika. Nikimtazama yule mama akipeperusha nzi, niliona hesabu yake na ya Frankfurt haziko mbali sana.

Jioni nilikwenda Kasese mjini. Katika nyumba ya wageni niliyolala, ufa ulianzia kona ya dirisha ukapanda kishazari hadi darini; umezibwa kwa simenti, ukafunguka tena palepale. Asubuhi nilimwonyesha fundi aliyekuwa akijenga ukuta uani. Aliupitisha kidole, akaniambia linta imeishia juu ya dirisha tu.

"Ikizunguka nyumba nzima haupasuki hivi, mzee. Lakini nondo ni pesa, mwenye nyumba anahesabu."

Nilitoka Nairobi nikitaka mitambo zaidi ya kuusikiliza mlima, na bado naitaka. Ila pale uani niliona shilingi ya kwanza iende kwenye nondo. Fundi hakukubaliana nami. Kinachomnyima usingizi, alisema, ni mto Nyamwamba, ambao Mei 2020 ulishuka kutoka Rwenzori na mawe yake ukaiharibu hospitali ya Kilembe. Nyumba yake mwenyewe ameihamishia mlimani kidogo, mbali na maji. Nikamwuliza kama linta ameizungusha.

"Bado," akasema, akachota udongo na kuendelea na ukuta.