Nusu Sasa, Nusu Picha Ikija

Siku ya mshahara Mtibwa, mpiga picha hakuwa na haja ya kutafuta wateja. Alisimama karibu na soko la Turiani, Yashica kifuani, daftari la shule mfuko wa nyuma, na wakata miwa wakamjia wenyewe, wameshaoga na kupaka mafuta. Wengi walikuwa wageni wa msimu, watu wa Iringa, Dodoma, Mbeya na kwingineko, na picha waliyoitaka ilikuwa ya kutia kwenye bahasha na kutuma nyumbani. Kwa hiyo hakuna aliyekubali kupigwa na panga lake. Walitaka redio ya kaseti juu ya paja, miwani ya jua ya kuazima, na baiskeli ya mtu mwingine imeegemezwa ubavuni kana kwamba mwenyewe kashuka sasa hivi. Mpiga picha aliandika jina, akapokea nusu ya hela, akasema maneno yale yale kwa kila mtu: "Nusu sasa, nusu picha ikija."

Aliyelishika daftari hilo wakati kamera ikifanya kazi alikuwa mpwa wake, mtoto wa shule ya msingi, mwishoni mwa miaka ya 1980. Mtoto yule sasa ana mvi. Naye ni mpiga picha, ila mkobani mwake pamoja na kamera hutembea na mashine ya kuchapia inayoenea kwenye kiti cha bodaboda. Kati ya daftari la mjomba na mashine hiyo kazi yenyewe imegeuka juu chini. Zamani kilichouzwa kilikuwa ule mlio wa kamera, na karatasi ikafuata kama stakabadhi. Siku hizi mlio ni wa bure, kila mtu anao kwenye simu, na watu wakitoa hela wanatoa kwa ajili ya karatasi.

Turiani iko chini ya milima ya Nguru, ambayo pia huitwa Nguu, kama kilomita 100 kutoka Morogoro mjini, chini ya Uluguru. Ni nchi ya miwa, ya mpunga wa Mkindo, na ya mitiki iliyopandwa kwa mistari. Kalenda ya mpiga picha ilifuata ya kiwanda cha sukari cha Mtibwa. Moshi ukianza kutoka katikati ya mwaka, hela zinatembea. Masika yakishika na kiwanda kikifungwa, kamera inatundikwa msumarini na mjomba anarudi shamba. Katikati ya hapo kulikuwa na Idi, Krismasi, kipaimara na harusi, siku ambazo hata aliyeapa kwamba hana shilingi alionekana amesimama mbele ya pazia la buluu na koti la studio lililokuwa pana kwa kila mtu.

Kamera haikuletwa Turiani na mjomba. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Mhonda, palepale kwenye miteremko ya Nguu, mwaka 1877, wakitokea Bagamoyo. Wakati wa Wajerumani, Walther Dobbertin alikuwa na studio Dar es Salaam na alizunguka koloni akipiga picha. Mkusanyiko wake leo uko kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani. Lakini picha za namna hiyo ziliondoka na meli. Mtu wa kwanza aliyepiga picha za watu wa Turiani halafu akaziacha Turiani, ukutani na sandukuni, alikuwa fundi wa mtaani mwenye daftari.

Mpwa huyo akisimulia, hutumia muda mrefu zaidi kwenye stoo ya nyuma ya nyumba. Dirisha lilizibwa kwa gunia na blanketi, taa ikawa nyekundu, na juu ya meza zikapangwa trei tatu za plastiki. Dawa ya kwanza ilitakiwa iwe ya nyuzi 20 hivi, na kwa joto la bonde lile hakuna maji ya bomba yaliyokubali. Mjomba alitumia maji ya mtungi. Bibi alilalamika kila wiki kwamba mtungi wake wa kunywea umegeuzwa mali ya studio, na kila wiki mjomba akajibu, "Shikamoo mama, naomba kata moja tu."

Karatasi nyeupe ilizamishwa. Kwanza hakuna kitu. Halafu nywele zinatokea, halafu mboni za macho, halafu kivuli chini ya kidevu, na uso wenyewe unakuja mwisho kabisa, kama mtu anayekaribia kwenye ukungu. Mtoto aliruhusiwa kuitikisa trei taratibu lakini asiseme neno, ingawa hakuna dawa inayosikia. Mjomba alipenda ukimya tu.

Kisha ikaja rangi, na hapa ndipo wasimulizi wengi wa historia ya picha wanapopita haraka kana kwamba ilikuwa neema tupu. Wateja waliifurahia, ni kweli: kitenge kikaonekana kitenge. Ila mkanda wa rangi unasafishwa kwa dawa ya nyuzi 38 karibu kamili, na ukiyumba kidogo tu nyuso zinageuka kijani. Mtungi wa bibi haukuweza kusaidia. Mikanda ikawa inapelekwa maabara za Morogoro au Dar es Salaam, na fundi aliyekuwa akitengeneza picha kwa mkono wake akawa tarishi. Alipiga, akapanda basi la vumbi hadi Dumila, akashika njia ya Morogoro, akarudi na bahasha. Hakwenda mpaka mkanda uishe. Kama zilikuwa picha 36 na harusi imekula 20, bwana harusi alisubiri mpaka watu wengine 16 wajisikie kupendeza.

Kusubiri huko kulizaa msamiati wake. Picha "imesafishwa," picha "imeungua," mkanda "umeingia mwanga." Neno la pili lilikuwa na matumizi mengi. Kulikuwa na wapiga picha wa sikukuu, wapita njia, waliowasha taa ya kamera usiku kucha bila mkanda ndani, wakakusanya nusu zao na kesho yake wasionekane. Na waliobanwa walisema zimeungua. Kwa hiyo picha ilipoungua kweli, fundi mwaminifu alikuwa na kesi ngumu.

Mpwa aliunguza harusi. Hajawahi kulificha hilo. Mjomba aliiacha kamera kitandani baada ya harusi ya jirani, na mtoto, aliyekuwa ameona mamia ya picha zikitokea kwenye trei, alitaka kuziona zikiwa bado ndani. Akafungua mlango wa nyuma. Aliona utepe wa kahawia usio na kitu, akaufunga mlango, akanyamaza siku nne, hadi bahasha iliporudi kutoka maabara na vipande vyeusi. Mjomba hakumpiga. Alimchukua mkono hadi kwa maharusi akaeleza mwenyewe, na Jumapili iliyofuata shela likaazimwa tena, suti ikaazimwa tena, wasimamizi wawili wapya wakapatikana kwa sababu wale wa kwanza walisharudi kwao. Keki ilikuwa imeliwa. Kwenye albamu ya ndoa hiyo, ambayo bado ipo, bibi harusi ameshika kisu juu ya meza yenye kitambaa na maua tu, naye anacheka kicheko ambacho hakuna mpiga picha anayeweza kukiagiza.

Mtibwa Sugar ilipochukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999 na kurudia 2000, biashara ilipanda tena. Timu ya mji wa kiwandani, yenye uwanja wake Manungu, imezipita Simba na Yanga miaka miwili mfululizo: ni nani asingetaka picha akiwa na jezi? Saluni zote za Turiani zilikuwa na picha ya kikosi, zikiwemo zile ambazo kinyozi mwenyewe amebanwa pembeni ya mstari kama mchezaji wa akiba. Mjomba aliuza nakala nyingi kuliko wakati wowote. Halafu hakuhifadhi hata mkanda mmoja. Wateja walioomba negativi alizikata na kuwapa, zilizobaki alizitia kwenye boksi la viatu, na mchwa na unyevu wa masika vikamaliza kazi.

Hilo ndilo lililomuuma mpwa alipoingia kwa mara ya kwanza Capital Art Studio, Barabara ya Kenyatta, Mji Mkongwe Unguja. Studio hiyo ilianzishwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, aliyejifunza kazi katika studio kongwe ya A.C. Gomes, na aliwapiga picha sultani na jamaa zake kama alivyowapiga wapita njia, majahazi na milango. Mapinduzi ya 1964 yalipita, watawala wakabadilika, na duka likabaki. Mwanawe, Rohit, akaendelea. Picha za zamani zimejaa kuta, na unaweza kununua nakala ya Unguja ya babu yako. Mpwa alisimama pale hadi akaona haya, akanunua moja ndogo ya wapagazi bandarini. Kilichomshangaza kilikuwa subira ya wenyewe: mtu alipiga, akasafisha, akaandika, akaweka, halafu mwanawe akazikuta.

Mwambao una mifano mingine. Omar Said Bakor wa Lamu alikata picha za wateja akazipandikiza ndani ya maua na maumbo aliyoyabuni mwenyewe, mkasi na gundi, miaka mingi kabla ya programu za kompyuta. Mohamed Amin alianza akiwa kijana wa shule Dar es Salaam, na hadi ndege ilipoanguka Komoro mwezi Novemba 1996 akiwa ndani, alikuwa amejenga hifadhi kubwa ya picha za Afrika. Lakini hao walikuwa na mahali pa kuweka. Fundi wa Turiani mahali pake palikuwa mfuko wa nyuma wa suruali.

Mwisho wa mikanda ulikuwa wa kimya. Kodak iliomba ulinzi wa mahakama Marekani Januari 2012; Turiani habari hiyo haikumshtua mtu, kwa kuwa simu zilishafika. Kilichogonga zaidi mfuko wa fundi kilikuwa serikali kununua kamera zake yenyewe: uandikishaji wa wapiga kura wa 2015 ulimpiga kila mtu picha palepale kwenye meza ya kompyuta, na kitambulisho cha taifa vilevile. Picha ndogo za paspoti, zilizokuwa ugali wa studio za vijijini, zikabaki za fomu za shule na barua za kazi. Mjomba aliuza Yashica. Aliyeinunua, mpwa hajui hadi leo.

Sasa mpwa ana kazi mbili, na moja inailisha nyingine. Ya kwanza ni picha anazozipenda. Anayoiweka mbele ya zote ni ya jioni moja ya kuchoma miwa kabla ya kukata: majivu meusi marefu yanashuka taratibu kama manyoya, na mama mmoja anakimbia kuanua shuka nyeupe, mikono juu. Nakala kubwa za picha hiyo amewauzia watu wa Dar es Salaam. Turiani hakuna aliyeinunua hata moja, majivu wanayo. Aliwahi pia kupanda Nguu siku mbili kumtafuta Rhampholeon acuminatus, kinyonga mdogo mwenye pua iliyochongoka ambaye wanasayansi walimpa jina mwaka 2006 kutoka milima hiyohiyo. Alimpata usiku, amelala kwenye kijiti. Aliporudi na kumwonyesha mama mwenye nyumba, mama alitoka nje ya chumba. Kinyonga si mnyama wa kutundika ukutani kwa watu.

Kazi ya pili ni ya karatasi. Anakwenda nyumba kwa nyumba, anaomba masanduku yafunguliwe, anapiga upya picha za mjomba zilizoliwa pembeni, anazisafisha doa kwa kompyuta usiku, na kuzichapa. Kwa njia hiyo boksi la viatu linajazwa upya, kipande kwa kipande, na wenyewe wanalipa. Mashine yake inaipitisha karatasi mara nne: njano, pinki, buluu, kisha utando wa kukinga maji.

Mwezi uliopita alikuwa kwa bibi mmoja upande wa Mhonda, aliyetoa picha ya marehemu mumewe akiwa na redio ya kaseti juu ya paja. Nyuma kuna namba ya daftari kwa mwandiko wa mtoto wa shule. Mashine ikavuta karatasi, ikaitema nusu, na uso wa yule mzee ukatokea wa njano tupu.

"Mjukuu wangu, hii imeungua," bibi akasema.

"Subiri kidogo, bibi. Inarudi ndani."

Bibi akafungua pindo la kanga, akahesabu noti, akampa sehemu na nyingine akaifunga tena. Hakuna aliyemwomba malipo ya kwanza. "Hiyo nusu," alisema, macho kwenye mashine. "Nyingine nakupa ikitoka."