Kabla ya Kuuliza Dhahabu Ni Kiasi Gani, Uliza Shamba Liko kwa Jina la Nani

Wacha nianze na kosa langu mwenyewe.

Miezi michache iliyopita nilikuwa nyumbani kwa kukhu, Ikolomani, kaunti ya Kakamega. Nikasimama nyuma ya jikoni, pale kwenye migomba, nikatoa simu na kurekodi video ya dakika moja. Nilisema, "Jamani, hapa nimesimama juu ya mabilioni!" Nikaweka mdundo wa isukuti, nikairusha mtandaoni. Ilitembea kuliko video yoyote niliyowahi kutengeneza. Nilijiona nimefika.

Wiki mbili baadaye kukhu akanipigia.

"Mjukuu wangu, hawa watu wa gari jeupe ni marafiki zako?"

"Watu gani, kukhu?"

"Wamekuja kununua shamba. Wanasema wameliona kwa simu."

Walikuwa mabroka. Baba yangu mdogo alikuwa ameshakaa nao chini ya mwembe na walikuwa wanazungumzia pesa ya kwanza, ile ya kushikilia shamba. Kukhu hakupiga kelele. Aliwauliza swali moja tu: "Mtaandikiana na nani?" Kwa sababu shamba letu, ekari moja na kitu, bado liko kwa jina la babu, na babu tulimzika mwaka 2003.

Nimekaa na hilo swali tangu siku hiyo. Nataka tulizungumzie, kwa sababu najua si kwetu tu.

Watu wengi wa rika langu wanadhani habari ya dhahabu Kakamega imeanza juzi. Haikuanza juzi. Mwaka 1931 mlowezi mmoja aliyeitwa L. A. Johnson alipata dhahabu huku, na habari ikaenea haraka. Ulikuwa wakati mbaya kwa uchumi wa dunia. Bei za mahindi na kahawa zilikuwa zimeanguka na walowezi wengi walikuwa na madeni, kwa hivyo mamia yao walikuja kujaribu bahati, wakapiga mahema na kuanza kuchimba kando ya mito. Baadaye kampuni kubwa zikaingia. Mgodi uliojulikana zaidi ni Rosterman, ambao ulifanya kazi mpaka mwaka 1952. Leo ukisema Rosterman mjini Kakamega watu wanafikiria mtaa wa makazi, lakini jina hilo ni la mgodi.

Kukhu alikuwa mtoto mdogo mgodi ulipofungwa. Baba yake alikuwa kibarua migodini. Nilipomuuliza alileta nini nyumbani, alisema, "Alileta blanketi na taa ya karabai." Dhahabu je? Akacheka. "Dhahabu ilikuwa inaondoka. Sisi tulikuwa tunaiona ikipita."

Lakini kuna sehemu ya historia hiyo ambayo hata shuleni sikufundishwa, na ndiyo imenifanya niandike. Mwaka 1930, serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kulinda ardhi za Waafrika. Iliahidi kwamba ardhi hizo zingekuwa za wenyeji milele. Kama kipande kingechukuliwa kwa kazi ya umma, wenyeji wangepewa ardhi nyingine ya thamani sawa, na baraza lao lingeulizwa kwanza. Ahadi nzuri kabisa, iliyoandikwa na kupigwa muhuri.

Halafu dhahabu ikaonekana. Mwezi Desemba 1932 sheria ikabadilishwa. Badala ya ardhi kwa ardhi, sasa ungeweza kulipwa pesa, na baraza la wenyeji halikuwa lazima liulizwe. "Milele" ilidumu miaka miwili. Hata kule Uingereza kuna watu walipinga wakisema hiyo ni kuvunja ahadi, lakini uchimbaji uliendelea.

Turudi sasa kwa siku zetu. Wengi tukisikia "kampuni inatafuta dhahabu" tunadhani dhahabu imeshaanza kutoka. Utafutaji ni kitu kingine. Wataalamu huanza kwa kusoma ramani za zamani na rekodi za migodi iliyofungwa, ndiyo maana wanarudi palepale wazungu walipochimba. Wanachukua sampuli za udongo, wanapima ardhi kwa vyombo, halafu wanaleta mtambo wa kutoboa, unaofanana kidogo na ule wa kuchimba kisima. Mtambo huo unashuka mamia ya mita na kutoa vipande virefu vya mwamba, vya mviringo kama miwa. Vinapangwa kwenye masanduku, vinapasuliwa katikati, na nusu inaenda maabara kupimwa ina gramu ngapi za dhahabu kwa kila tani. Shimo moja haliwaambii mengi. Wanatoboa mengi, kwa miaka, ndipo waweze kukadiria kilicho chini.

Kwetu kazi hii imepita mikono kadhaa. Kampuni ya Aviva ilikuwa na leseni, ikanunuliwa mwaka 2012 na African Barrick Gold, ambayo baadaye ilijiita Acacia. Hao ndio waliotoboa sana kwenye ukanda wa Liranda, maeneo ya Isulu na Bushiangala. Barrick ikaichukua Acacia mwaka 2019, na mwaka 2020 mradi ukauzwa kwa Shanta Gold. Ona basi: mwamba uko palepale, kukhu yuko palepale, lakini leseni imeuzwa na kununuliwa mara kadhaa. Kila mara makaratasi yao yalikuwa sawa. Na yetu je?

Hapa naomba usome polepole. Katiba ya Kenya inasema madini yaliyo chini ni ya umma, yanashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba yetu sote. Kwa hivyo ile video yangu ya "mabilioni yetu" ilikuwa uongo mtamu. Kilicho chetu ni shamba la juu. Sheria ya Madini ya 2016 inasema leseni ya kutafuta au kuchimba haiwezi kutolewa juu ya shamba la mtu binafsi bila idhini ya mwenye shamba aliyesajiliwa. Idhini hiyo nayo usiinyime bila sababu ya maana, kwa maana serikali ina njia ya kuchukua ardhi kwa lazima na kulipa fidia. Sheria hiyohiyo inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya pale madini yanapochimbwa.

Rudi kwa maneno "mwenye shamba aliyesajiliwa". Kwetu huyo ni babu, na babu yuko kaburini. Hawezi kutoa idhini, hawezi kukataa, hawezi kufungua akaunti ya benki. Ukizunguka kijijini kwetu utapata boma baada ya boma liko hivyohivyo, wengine hata jina ni la baba ya babu. Na ukimuuzia mtu shamba la marehemu kabla mahakama haijatoa idhini ya mirathi, hilo ni kosa la jinai, hata kama wewe ni mtoto wake wa kuzaliwa.

Najua kuna watakaosema, "Wewe unaogopa maendeleo." Siogopi. Nina binamu wanaoshuka kwenye mashimo ya kienyeji kwa kamba, na nina senge anayeosha mchanga kwenye karai na kushika zebaki kwa mkono mtupu. Kama kungekuwa na kazi salama yenye mshahara, ningekuwa wa kwanza kuwaambia waichukue. Wengine watasema hata ukiwa na hati, mwenye nguvu atachukua tu, na watanirudishia hiyohiyo hadithi ya 1932. Ni kweli hati haizuii kila kitu. Lakini mwaka 1932 baba ya kukhu hakuwa na karatasi yoyote ya kupeleka mahakamani. Sisi tunaweza kuwa nayo na hatuna, kwa sababu kila Krismasi tukikutana tunasema "tutaongea mwaka ujao".

Mimi nimeifuta ile video. Baba mdogo alinuna wiki nzima, ila mabroka hawajarudi. Mwezi uliopita tulikaa kikao, kukhu akiwa kwenye kiti chake cha kamba. Tulianza na cheti cha kifo cha babu, halafu barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, na mashangazi zangu wakiwemo. Hapo palikuwa na kelele kidogo, lakini Katiba iko wazi na kukhu alikuwa wazi zaidi. "Hawa pia niliwazaa," alisema. Sasa faili iko mahakamani.

Siwezi kukuambia kama mgodi mkubwa utafunguliwa. Ninachokuomba ni kidogo. Ukirudi nyumbani wikendi hii, kabla hujatoa simu kupiga picha migomba, omba uonyeshwe hati ya shamba. Soma jina lililo juu. Kama mwenye jina hilo yuko hai, mshukuru Mungu na mfanye mazungumzo mapema. Kama hayuko, nenda kwa chifu Jumatatu.