Mwembe Ulioninunulia Sare

Mwembe wa bibi kule Sengerema ndio ulioninunulia sare na madaftari mpaka nikamaliza Kidato cha Nne. Krismasi iliyopita nilienda likizo nikakuta baba mdogo ameshapatana na mchoma mkaa. Maembe yameoza chini. Nikapasua moja: funza watupu.

"Si unasomea ualimu wewe?" bibi akaniambia. "Haya, tufundishe."

Nikajiumauma. Mimi nasoma Kiswahili na jiografia. Funza nitawajulia wapi? Nikampigia mshkaji wangu aliyeko SUA, Morogoro. Akacheka, kisha akanieleza. Ni inzi wa matunda, mgeni kutoka Asia, aligunduliwa Kenya mwaka 2003. Jike hutoboa ganda la embe linaloanza kuiva na kutaga mayai ndani. Embe likianguka, funza hutoka, hujichimbia udongoni, na baadaye huibuka wakiwa inzi. Kumbe tulipoacha maembe yaozee chini, tulikuwa tunafuga!

Nikamwomba baba mdogo asubiri. Akasema, "Mpaka msimu ujao tu."

Kila asubuhi mimi na bibi tuliokota yaliyoanguka na kuyafukia kwenye shimo lenye kina cha zaidi ya nusu mita. Majimoto, wale sisimizi wekundu wanaounganisha majani kujenga viota, bibi alizoea kuwachoma moto. Nikamsihi awaache, maana huwafukuza inzi hao. Mimi wenyewe walinitafuna bila huruma.

Yaliyobaki juu tukayachuma mabichi, kabla inzi hawajayatamani. Bibi akamenya mawili, akayakata vipande, akayatia kwenye mchuzi wa sato pamoja na nyanya, kitunguu na pilipili. Ndimu haikuhitajika. Mengine tulikata, tukayapaka chumvi na pilipili, watoto wakanunua yote kabla ya jioni.

Baba mdogo alikula kimya. Habari za mkaa hakuzigusa. Aliomba aongezwe ugali.

Niliporudi geto, Malimbe, bibi akawa ananipigia kila Jumapili: "Mwalimu, wiki hii nimefukia ndoo mbili." Namjibu, "Wabeja, bibi."

Mwembe bado umesimama, ila msimu ujao ndio utakaoamua. Nawe ukienda kwenu likizo, kabla hujatazama maembe yaliyo juu, okota kwanza yaliyo chini.