Giessen: Darasa la Kemia Katika Nyumba ya Walinzi

Msafiri akipanda treni mjini Frankfurt, nchini Ujerumani, na kuelekea kaskazini, kwa muda wa kama saa moja hufika katika mji wa Giessen, ulio kando ya mto Lahn. Asitazamie kuona mji wa fahari. Tarehe 6 Desemba 1944 ndege za Waingereza ziliupiga mji huo kwa mabomu, na sehemu yake kubwa ya kale iliteketea. Kwa sababu hiyo nyumba nyingi azionazo mgeni leo ni za baada ya vita, nyumba za kukaa na kufanyia kazi tu, wala hazimfanyi mtu asimame kuzitazama. Iko bustani ya mimea ya Chuo Kikuu, iliyoanzishwa mwaka 1609, na katika makaburi ya zamani amezikwa Wilhelm Röntgen, yule aliyegundua miali ya eksirei. Mwenye nafasi na ayazuru hayo yote. Lakini watu wa elimu wanaotoka nchi za mbali huja Giessen kwa ajili ya nyumba moja iliyo karibu na stesheni, ambayo mgeni huweza kuifikia kwa miguu kabla hajachoka kubeba mzigo wake.

Nyumba hiyo ina nguzo mbele, na baraza pana nyuma ya nguzo hizo. Hapo kwanza haikujengwa kwa ajili ya elimu. Ilikuwa nyumba ya walinzi wa kambi ya askari. Mwaka 1824 mwalimu kijana wa kemia, Justus Liebig, mwenye umri wa miaka 21 tu, alipewa nafasi humo ya kufanyia majaribio. Akafundisha Giessen hadi mwaka 1852. Tangu mwaka 1920 nyumba yake ni makumbusho, na Chuo Kikuu chenyewe, kilichoanzishwa mwaka 1607, sasa kinaitwa kwa jina lake.

Leo, kijana aingiapo chuo kikuu cho chote ulimwenguni, iwe Nairobi, Kampala au London, na kujiandikisha katika somo la kemia ogania, yaani kemia ya vitu vyenye kaboni, hukuta utaratibu ambao hauulizi umetoka wapi. Asubuhi huketi pamoja na wenzake wengi na kumsikiliza mwalimu. Baadaye huvaa koti jeupe, huingia maabara, na kufanya kwa mikono yake yale aliyoyasikia kwa masikio. Katika nyumba hii ya walinzi ndipo utaratibu huo ulipopata nguvu na kuenea. Si kweli kwamba hakuna aliyeujaribu kabla. Friedrich Stromeyer wa Göttingen alikuwa amekwisha kuwaruhusu wanafunzi wake kufanya majaribio. Walakini ni Giessen iliyowavuta vijana kwa mamia na kuwarudisha makwao wakiwa walimu.

Liebig alikuwa na sababu ya kuona haja ya jambo hilo. Alizaliwa Darmstadt mwaka 1803, mwana wa mfanya biashara wa rangi na dawa. Shule hakuimaliza, aliwekwa kuwa mwanagenzi kwa mwuza dawa, na hapo pia hakudumu. Baadaye alimfuata mwalimu mmoja, Karl Kastner, hadi Bonn na kisha Erlangen, kwa kuwa mwalimu huyo alikuwa amemwahidi kumfundisha kuchunguza madini yameumbwa kwa vitu gani. Alisikia mihadhara mingi, lakini kazi yenyewe hakufundishwa, kwani mwalimu hakuiweza. Hapo mtawala wa Hesse, Ludwig wa Kwanza, alimpa msaada wa fedha za serikali aende Paris. Huko bingwa Gay-Lussac alimkaribisha katika maabara yake binafsi, wakafanya kazi meza moja. Kijana aliyepoteza miaka yake akisikiliza tu, akajua tofauti.

Aingiapo makumbusho, mgeni huonyeshwa chumba cha mihadhara, chenye madawati ya mbao yaliyoelekea meza ya mwalimu. Chumba si kikubwa. Darasa la siku hizi haliwezi kuenea humo hata kidogo. Kisha huingia katika maabara ya uchunguzi iliyojengwa wakati nyumba ilipoongezwa, mwaka 1839. Ina madirisha marefu, meza za kazi, na makabati ya kutolea nje moshi wenye sumu. Kabla ya kupatikana makabati hayo, kazi zenye moshi mbaya zilipelekwa nje kwenye baraza ya nguzo, hata wakati wa baridi, na baridi ya Hesse si ya mchezo. Ipo picha mashuhuri ya maabara hiyo, iliyochorwa na Wilhelm Trautschold, inayowaonyesha wanafunzi kazini, baadhi yao wamevaa kofia ndefu vichwani kana kwamba wamo safarini.

Chombo kidogo kuliko vyote ndicho kinachostahili kutazamwa kwa muda mrefu. Ni vitufe vitano vya kioo vilivyounganishwa kwa mirija katika umbo la pembe tatu, navyo huenea katika kiganja cha mkono. Liebig alikitengeneza mwaka 1831. Kazi yake yaweza kuelezwa kwa mfano wa sukari. Mwanafunzi hupima gramu 1 ya sukari, huichanganya na oksidi ya shaba, na kuichoma ndani ya mrija wa kioo. Kaboni yote iliyomo hugeuka kuwa hewa ya dioksidi ya kaboni, na haidrojeni yote hugeuka kuwa mvuke wa maji. Mvuke hunaswa katika mrija wenye kalsiamu kloridi. Ile hewa hupita katika vitufe vitano vyenye maji ya potasi kali, nayo hunaswa humo. Kisha vyombo hupimwa tena. Vitufe vimeongezeka gramu 1.54, na mrija wa kwanza gramu 0.58. Katika kila gramu 44 za hewa hiyo mna gramu 12 za kaboni, na katika kila gramu 18 za maji mna gramu 2 za haidrojeni. Basi hesabu huonyesha kwamba katika sukari mna kaboni 42 kwa mia, haidrojeni kama 6 na nusu kwa mia, na iliyobaki ni oksijeni.

Kabla ya chombo hiki hata mabingwa walitumia miezi mingi kwa vitu vichache. Baada yake, mwanafunzi wa kawaida, mwenye subira na mizani nzuri, aliweza kufanya kazi hiyo na kuaminiwa.

Liebig mwenyewe ameandika jinsi siku zilivyokwenda humo. Kila asubuhi kila mwanafunzi alitoa habari ya kazi aliyoifanya jana yake, na nia yake kwa siku ile. Mwalimu alikubali au alisahihisha, kisha kila mtu alitafuta njia yake. Kazi ilianza alfajiri na kuendelea mpaka usiku. Aliyelalamika alikuwa mmoja tu, mtumishi aitwaye Aubel, ambaye jioni hakuweza kuwatoa wanafunzi nje ili afagie.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba mhadhara ulikuwa bure. Mwaka 1847 alifika Giessen kijana mwingine wa Darmstadt, August Kekulé, ambaye jamaa zake walikuwa wamemkusudia kuwa mchoraji wa majengo. Alijiandikisha kwa elimu hiyo. Kisha akaenda kusikiliza mihadhara ya Liebig, na moyo wake ukageuka. Jamaa zake hawakupendezwa. Majengo yana mshahara, na kemia je? Walimtaka apumzike kwanza na kufikiri, akakaa kipindi cha baridi kizima katika shule ya ufundi ya Darmstadt. Alipokwisha kufikiri, alirudi kwenye kemia. Baadaye alisimulia kwamba Liebig alimwonya kuwa asiyekubali kuharibu afya yake kwa masomo hatafika mbali, naye alilitii neno hilo kwa miaka mingi, akilala saa chache mno. Mashauri ya namna hiyo mzazi mwenye busara hatapenda mwanawe ayafuate.

Kilichomkabili Kekulé ndicho kinachomkabili kila mwanafunzi wa somo hili hata leo. Hesabu za vile vitufe vitano huonyesha ni kiasi gani cha kila kitu kimo, lakini hazionyeshi vimepangwaje. Liebig alikuwa amechunguza chumvi moja ya fedha iitwayo fulminati, ambayo hulipuka ikiguswa. Rafiki yake Friedrich Wöhler alichunguza nyingine iitwayo sianati, ambayo hailipuki. Hesabu za zote mbili zikatoka sawasawa. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba mmoja wao amekosea, na kumbe wote wawili walikuwa sahihi. Vitu vile vile, kwa kiasi kile kile, vikipangwa kwa namna mbili huwa vitu viwili. Ni kama matofali na mbao zilizotosha nyumba moja, mmoja akajenga ghala, mwingine akajenga msikiti. Kijana aliyewahi kujifunza kuchora majengo hakuona ugumu kulifahamu jambo hilo, na mwaka 1865 Kekulé alitangaza kwamba kaboni sita za benzini zimefungana kwa duara. Umbo lile la pembe sita ndilo analolichora mwanafunzi katika daftari lake mara mia kila juma, mpaka akalichora pasipo kutazama.

Leo kemia imehamia majengo mapya kusini ya mji, nacho Chuo kina wanafunzi zaidi ya 20,000. Masomo ya shahada ya kwanza kwa kawaida hufundishwa kwa Kijerumani, basi mgeni hana budi kuijua lugha kwanza. Kwa upande mwingine, vyuo vya serikali katika jimbo la Hesse havitozi ada ya masomo, ila mchango wa kila muhula. Mhadhara wa kemia ogania huenda mbio. Mwalimu hueleza tendo moja baada ya jingine, na kijana aliyezoea kukariri huona juma la kwanza ni jepesi, la pili lina kazi, na la sita limemshinda kabisa, maana matendo yenyewe ni maelfu. Aokokaye ni yule anayetambua mapema kwamba ile mishale midogo iliyopindwa, ambayo mwalimu huichora ubaoni, si mapambo. Huonyesha mahali elektroni zinapotoka na zinapokwenda. Oksijeni huzivuta elektroni kwake kwa nguvu. Kaboni iliyoshikamana nayo hubaki na upungufu. Basi cho chote chenye elektroni za ziada huikimbilia kaboni hiyo. Akilishika jambo hilo moja, ataona kwamba asidi ya siki ikichemshwa pamoja na pombe kali na kutoa kitu chenye harufu tamu, na mafuta yakichemshwa pamoja na magadi makali na kutoa sabuni, ni mambo ya ukoo mmoja. Asipolishika, atayaandika katika kurasa mbili mbalimbali na kuyasahau yote mawili.

Waliopita katika nyumba ya walinzi walitawanyika mbali. August Wilhelm Hofmann, ambaye baba yake ndiye aliyechora ramani ya kuiongeza maabara, alikwenda kufundisha London mwaka 1845; huko mwanafunzi wake William Perkin, akijaribu kutengeneza kwinini mwaka 1856, alipata badala yake rangi ya zambarau ya kutilia nguo. Eben Horsford alirudi Marekani na kutengeneza unga wa kuumulia mikate. Vicente Ortigosa, aliyetoka Mexico, alichunguza nikotini ya tumbaku.

Jina la Liebig lilifika hata Kenya, lakini kwa njia nyingine. Mwaka 1865 ilianzishwa London kampuni ya kutengeneza mchuzi mzito wa nyama kwa namna aliyoieleza yeye, ikachukua jina lake. Kampuni hiyo ndiyo iliyojenga kiwanda cha nyama Athi River, na mwaka 1938, serikali ilipowalazimisha Wakamba kupunguza ng'ombe wao, Muindi Mbingu aliwaongoza watu wa Machakos hadi Nairobi kulalamika. Wazee waliolisikia jina hilo wakati ule hawakulisikia kama jina la mwalimu.

Liebig mwenyewe hatimaye alichoka. Mwaka 1852 alikubali kwenda Munich, na sharti moja lililompendeza lilikuwa kwamba hatalazimika tena kuwasimamia wanafunzi katika maabara. Atatoa mihadhara tu. Mihadhara hiyo ilipendwa sana na wakubwa wa mji. Mwezi wa Aprili 1853, mbele ya watu wa nyumba ya mfalme, chombo kimoja kililipuka mezani na vipande vya kioo vikamjeruhi Malkia Therese, ingawa si vibaya. Kule Giessen, mwanafunzi wake Heinrich Will alikuwa amekwisha kushika mahali pake, na vijana waliendelea kuja alfajiri katika nyumba ya walinzi, kila mmoja na habari ya kazi yake ya jana.