Nguvu Kwanza au Uthabiti Kwanza?



Vijana wetu kadhaa siku hizi wana mashine ndogo za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta, zile ziitwazo CNC. Kijana huchora umbo katika kompyuta, nayo mashine hulifuata kwa kisu kinachozunguka mpaka umbo litokee katika ubao. Ni kazi ya halali na ya heshima. Lakini aghalabu ubao hautoshi. Kijana hutamani kuchonga alumini, na hapo ndipo mama wa nyumba huombwa fedha. Kwa ajili hiyo tumeona vyema tuandike.

Dada yetu ameolewa Meru, na mwanawe huchonga marfaa za misahafu na vibao vya majina kwa mashine ya namna hiyo. Wafugaji wa huko wakawa wanamuulizia puli na vibamba vya kushikia mota za mashine za kukatia majani ya ng'ombe. Akajaribu alumini. Mashine ikapiga kelele, uso wa kibamba ukatoka na mawimbi, na visu vitatu vikavunjika. Akaamini kwamba kilichopungua ni nguvu, akataka mota ya kilowati 2.2 mahali pa ile ya wati 500. Mama yake akavua bangili zake sita za dhahabu, akatupigia simu kutaka shauri kabla ya kwenda kwa sonara.

Sisi si mafundi. Tulisafiri hadi Meru, kisha tukashuka na kijana hadi Embu kupitia Chuka, tukiwa na mashine yake, kwa mzee mmoja wa jua kali anayefahamika kwa kuchomelea vyuma. Mzee hakuiwasha. Aliegemeza saa ya kupimia kando ya kichwa cha mashine, akakisukuma kwa kidole gumba. Mshale ukasogea.

"Kijana wangu," akasema, "ikiwa kidole cha mzee kinaisogeza, alumini itaifanyaje? Mota kubwa ni mzigo mwingine juu ya daraja lililo dhaifu."

Akatueleza kwamba kisu kikikutana na madini husukumwa nyuma, kisha hurudi na kuchimba kupita kiasi. Mitetemo hutokana na hayo. Kibamba kikiongezwa unene maradufu, uwezo wake wa kutopinda huongezeka mara 8. Hali kadhalika, mkono unaoshika kisu ukirefushwa maradufu, hupinda mara 8 zaidi kwa msukumo ule ule. Tulimkumbuka Nabii Daud, amani imshukie, ambaye alilainishiwa chuma na bado akaamrishwa kupima sawasawa katika kuunganisha deraya.

Basi kazi ikaanzia chini. Fremu nyepesi iliwekwa juu ya msingi wa mabomba ya chuma ya mraba, yakajazwa mchanga mkavu ili kumeza mitetemo. Daraja lilishushwa, vibamba vyake vikawa vinene maradufu, na reli za chuma zikachukua mahali pa magurudumu ya plastiki. Kwa kuwa moto wa kuchomelea hupinda chuma, sehemu za kukalia reli zilisawazishwa baadaye. Meza ya mbao iliondolewa, kwani ikilowa hufura. Mota ilibaki ile ile ya wati 500. Bangili mbili ziliuzwa. Nne zimo mkononi mwa mwenyewe hadi leo.

Lililobaki lilikuwa kisu na mwendo. Alumini hutaka kisu kikali chenye ukingo mmoja, ili maranda yapate nafasi ya kutoka. Kijana hukata kina cha milimita 0.3 tu kwa kila pito. Kisu kikizunguka mara 10,000 kwa dakika na kila mzunguko ukala milimita 0.02, mashine husogea milimita 200 kwa dakika. Akiipunguzia mwendo kwa hofu, kisu husugua badala ya kukata, joto hupanda, na alumini hunata kwenye kisu mpaka kivunjike. Hewa ya pampu hupeperusha maranda yasikatwe mara ya pili.

Kina mama, mashine hii isikae chumba wanachochezea watoto. Maranda ya alumini huchoma kama sindano. Yafagiliwe kwa brashi, kamwe si kwa mkono. Anayeisimamia avae miwani ya kinga. Glavu, mtandio unaoning'inia na mikono mipana ya kanzu au buibui visikaribie kisu kinachozunguka, kwani huvutwa pamoja na mwenyewe.

Na mwanao akija kuomba fedha za mota kubwa, usimkatishe tamaa wala usikimbilie kwa sonara. Mwambie akisukume kichwa cha mashine kwa kidole, mbele ya fundi mwenye saa ya kupimia. Kikisogea, fedha ziende kwanza kwenye fremu.

Wabillahi tawfiq.