Kinubi cha Daudi kando ya kitanda cha mgonjwa



Wapendwa katika Kristo, katika kuwatembelea wagonjwa hapa Buzuruga, nimezoea kukuta hofu mbili kwa mgonjwa wa moyo. Ya kwanza hutokana na ugonjwa wenyewe. Ya pili twamletea sisi: padre akiingia na mafuta matakatifu, jamaa hudhani safari imekwisha, kisha wanakwaya, kwa nia njema, huanzisha wimbo uleule tulioimba juzi makaburini. Moyo uliokwisha kuelemewa huongezewa mzigo, kwani hofu hukimbiza mapigo na kupandisha shinikizo la damu.

Mwaka 2013 Joke Bradt wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, pamoja na wenzake, walipitia tafiti 26 zilizohusu wagonjwa 1,369 wa mishipa ya moyo. Waliona kwamba kusikiliza muziki kwaweza kupunguza wasiwasi, hasa kwa waliopatwa na shambulio la moyo, na nafuu ilizidi pale mgonjwa alipochagua mwenyewe muziki wake. Hata hivyo walitahadharisha kwamba nyingi kati ya tafiti hizo zilikuwa na udhaifu.

Maandiko nayo yanatufundisha kiasi. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 16, Daudi alipiga kinubi na Sauli akapata nafuu. Lakini sura ya 18 yatueleza kwamba Sauli huyohuyo alimrushia Daudi mkuki wakati kinubi kikipigwa. Muziki hutuliza, hauponyi kila kitu. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kuacha dawa, wala kukosa siku yake ya kliniki pale Bugando, eti kwa kuwa wimbo umempa usingizi.

Nawasihi basi, hasa ninyi wanakwaya na viongozi wa jumuiya ndogondogo: mfikapo kwa mgonjwa, mwulizeni kwanza, "Ungependa tukuimbie nini?" Huenda mzee akaomba wimbo wa Kisukuma waliokuwa wakiimba shambani enzi za ujana wake. Mwimbieni huo, kwa sauti ya chini, bila vipaza sauti. Akiomba kimya, mpeni kimya. Nacho ni zawadi.

Tena, msisubiri dakika za mwisho kumwita padre. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1963 kwamba Mpako wa Wagonjwa si wa wale tu walio katika hatua ya mwisho ya uhai. Ni sakramenti ya kumtia nguvu anayeugua. Tukilielewa hili, mgonjwa atasikia hatua za padre mlangoni na moyo wake utatulia badala ya kushtuka.

Mungu awabariki.

Paroko wenu